Pai za nyama bila ngano, na mchicha wa nazi kando yake

Ramadhani ya kwanza baada ya mjukuu wangu kukatazwa ngano, nilimwandalia sahani yake peke yake: ndizi mbivu mbili, tende tatu na kiazi kitamu cha kuchemsha. Sisi wengine tulizunguka sinia lenye pai za nyama, sambusa na mahamri. Alikuwa na miaka sita. Hakulia wala hakuomba. Alinyoosha mkono akagusa ukingo wa pai iliyokuwa karibu naye, kisha akakinusa kidole. Mamake alimwinua papo hapo akampeleka kunawa. Aliporudi alikula ndizi zake ameinamisha kichwa, na mimi pai iliyokuwa mkononi mwangu ikanishinda kumeza.

Nimeoka pai tangu usichana wangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Watu wameniagiza pai za arusi, za maulidi, za hitima. Usiku ule niliona uchungu kwamba nawalisha wageni wa watu na mume wangu mdogo ananusa kidole. Ilinichukua miezi minne kupata donge linalokunjika bila kupasuka na nyama isiyolilowesha. Naeleza yote nilivyoyajua, kwa mama au bibi aliyeambiwa juzi kwamba mtoto wake asile ngano tena, na sasa amesimama jikoni hajui aanzie wapi.

Kabla ya jiko, sikiliza hili. Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano), mwili wake huushambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hunyauka, na mtoto akawa anakula lakini hafaidi. Wetu alipewa dawa za minyoo zaidi ya mara tano. Tumbo limejaa, miguu kama vijiti, damu haipandi. Mwisho daktari mmoja akaagiza apimwe damu kutafuta kingamwili, kisha akapitishiwa kamera na kuchukuliwa kipande kidogo cha utumbo. Ikiwa una shaka na mwanao, usimwachishe ngano kabla ya vipimo hivyo. Vinatafuta alama ambazo ngano huacha mwilini, na ukishamwachisha kwa muda alama huanza kufutika, majibu yakaweza kusema hana kitu. Mpeleke akiwa bado anakula. Majibu yakithibitisha ndipo uache, na ni kuacha kwa maisha. Hakuna kipande kidogo wala ruhusa ya sikukuu.

Nilipomwambia daktari yule habari ya zile ndizi, alinieleza jambo. Mwaka 1924 kule Marekani, daktari Sidney Haas aliwatibu watoto wa namna hii kwa ndizi, na wakapata nafuu. Ikadhaniwa ndizi ndiyo dawa. Kumbe nafuu ilitokana na mkate uliokosekana kwenye sahani, na aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika utafiti wake mwaka 1950 baada ya kuona watoto wakizorota kila walipolishwa ngano. Nilirudi nyumbani moyo umetulia kidogo. Ndizi haikuwa adhabu. Lakini pai nilitaka apate vilevile.

Unga

Watu wa pwani hatuanzi mikono mitupu. Vitumbua, vibibi na mkate wa sinia ni mchele na nazi. Mofa ya mtama ni mtama. Bajia za dengu ni dengu. Mtoto wa siliaki aliyezaliwa kwetu ana vyakula vingi tayari, mradi vitoke jikoni kwako. Vya kununua muulize mpishi kwanza, maana siku hizi wengine hutia ngano kidogo kwenye vitumbua ili vishikane.

Kilichonitesa ni unga wenyewe. Mara ya kwanza pai kutoka vizuri, mtoto alikula tatu, tukashangilia nyumba nzima. Usiku akaamka ameshika tumbo, akaharisha siku mbili. Nilipekua kila kitu: samli, bizari, mwiko, sufuria. Mwisho nikarudi pale niliposagisha mchele. Kijana wa kinu aliniambia bila kuficha kwamba aliyenitangulia alisagisha ngano. Kinu hakioshwi kati ya mteja na mteja, na unga uliobaki wa mtu wa kwanza hutoka ndani ya mfuko wa mtu wa pili. Kwa watu wengine si neno. Kwetu zilikuwa siku mbili za kumnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Tangu hapo nasaga mwenyewe. Kilo moja ya mchele naichagua, naiosha mpaka maji yatoke safi, naroweka saa nne, nachuja, kisha nauanika kivulini juu ya kitambaa mpaka punje hazigandi kidoleni ila ukizishika bado zina ubaridi wa maji. Hapo natia kwenye blenda kikombe kimoja kimoja, nachekecha kwa chekeche la nyuzi za karibu, na chenga zinazobaki narudisha. Usifupishe njia kwa kusaga mchele mkavu. Mchele ulioroweshwa hutoa unga laini kama poda. Mkavu hutoa chenga, na chenga ndizo zinazolipasua donge ukilikunja. Unga ukishachekechwa utandaze kwenye trei juani, ufunike kwa kitambaa chepesi, mpaka ukauke kabisa. Usipokauka utaota ukungu.

Unga wa muhogo nanunua wa pakiti, na lazima pakiti iandikwe kwamba hauna gluteni. Kipimo kinachofuatwa na nchi nyingi kwa maandishi hayo ni kisichozidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula. Chagua mweupe usionuka uchachu. Mihogo ya shamba usiyoijua usiifanyie majaribio ya kujisagia, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu isipotolewa kwa njia yake.

Cha tatu ni isabgol, yale maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa watu waliofunga choo. Nunua ile tupu, isiyo na sukari wala ladha ya machungwa. Ikikutana na maji huvimba na kunata, na hiyo ndiyo kazi ambayo kwenye donge la ngano ilifanywa na gluteni. Kabla sijaijua nilijaribu mchele peke yake, pai zikamomonyoka kama mchanga wa Nyali. Nikajaribu muhogo peke yake, zikatoka nzuri za moto, zilipopoa zikawa ngumu kama soli ya kiatu. Viwili hivi vinahitajiana, na vinahitaji cha kuvifunga.

Mahali pengine ngano inapojificha: mvuje wa unga, ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, mchuzi wa soya, soseji, bizari zilizosagwa za kupimiwa, ambazo huwezi kujua zimeongezwa nini. Tambi na suji ni ngano yenyewe. Na mafuta yaliyokaanga mahamri au sambusa za kawaida hayafai tena kwa mtoto huyu, hata uyachuje namna gani.

Vyombo nilinunua vipya vinne: kibao, mpini wa kusukumia, mwiko na chekeche. Sufuria ya chuma ukiisugua kwa sabuni inatakata. Mbao hunywa unga kwenye nyufa zake, na chekeche huushika kati ya nyuzi, hivyo vya zamani nilimpa jirani. Siku ya kuoka pai hizi, unga wa ngano haufunguliwi jikoni, kwa sababu vumbi lake huelea na kutua popote.

Nyama

Nunua nyama ya ng'ombe nusu kilo, ya mguu, yenye mafuta kidogo. Muombe mtu wa bucha aisage kabla ya kusaga kitu kingine, maana mashine ileile hupitisha soseji zilizotiwa mkate. Mimi siku hizi naikatakata mwenyewe kwa kisu, vipande vidogo kama dengu. Inachosha mkono, lakini pai yake ina utafuno ambao kima ya mashine haina.

Bizari nanunua nzima, pale kwenye maduka ya viungo ya Marikiti. Kijiko kimoja cha chai cha uzile (bizari nyembamba), kimoja cha giligilani, nusu kijiko cha pilipili manga, iliki sita, karafuu tatu na kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole gumba. Vikaushe kwenye kikaango kitupu, moto mdogo, huku ukitikisa. Uzile ukianza kunukia hadi sebuleni, epua. Ukingoja zaidi utakuwa mchungu. Twanga ungali na moto.

Bandika nyama bila mafuta, pamoja na punje tano za thomu (kitunguu saumu) na kipande cha tangawizi vilivyopondwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, na maji ya nusu ndimu. Itatoa maji. Koroga ukivunja mabonge, uache maji yakauke yenyewe mpaka usikie nyama inalia chini ya sufuria. Tia bizari zote, na manjano nusu kijiko ukipenda, geuza dakika mbili, epua.

Sasa vitunguu. Chukua viwili vikubwa, ukate vidogo sana, uvinyunyizie chumvi, ungoje dakika kumi, kisha uvikamue kwa mkono kwa nguvu zako zote. Vitie kwenye nyama ikiwa bado moto pamoja na dania fungu moja lililokatwa na pilipili mbichi moja. Usivikaange. Ni njia ya sambusa, na mimi siikubali nyingine kwenye pai: kitunguu huiva kwa mvuke ndani ya ganda na kubaki na utamu wake. Ukiinamisha sufuria usione mchuzi ukitiririka. Ukiuona, rudisha jikoni dakika chache. Donge hili halina ujasiri wa donge la ngano. Tone la mchuzi likilikuta linatoboka. Acha nyama ipoe kabisa, hata usiku mzima kwenye friji.

Donge

Kwa pai kumi na nne: unga wa mchele gramu 200, unga wa muhogo gramu 150, isabgol gramu 15, ambazo kwangu ni vijiko vitatu vya chakula, chumvi kijiko cha chai, samli gramu 60, yai moja, na maji yanayotokota mililita 300. Tumia mizani. Unga wa kujisagia haulingani kwa kikombe.

Changanya unga zote mbili, isabgol na chumvi. Yeyusha samli ndani ya maji yaliyo jikoni. Yakitokota kwelikweli, yamimine juu ya unga yote kwa mara moja na usonge kwa mwiko kama unayesonga sima. Huu ndio moyo wa kazi nzima. Maji ya moto huupika unga nusu, ukaanza kunata; ukitia ya vuguvugu utapata uji mzito usioshikana. Funika dakika kumi na tano ili isabgol inywe maji. Donge likiwa la kuvumilika mkononi, tia yai na ukande dakika tatu. Mwanzo litateleza na kukuvunja moyo. Endelea, litarudi. Linatakiwa liwe kama ngozi ya sikio, laini na lisiloganda vidoleni. Likiwa kavu, lowesha viganja ukande tena. Likiwa tepetepe, ongeza unga wa mchele kijiko kimoja.

Gawa madonge kumi na manne, yafunike kwa kitambaa kibichi. Yakikaa wazi hata dakika tano yanapata ngozi, na ngozi ndiyo ufa wa baadaye.

Usisukume juu ya kibao kitupu. Pasua mfuko safi wa plastiki pande mbili, weka donge katikati yake, sukuma taratibu kutoka katikati kwenda nje mpaka duara lifike upana wa kisahani cha chai. Unene uwe milimita nne hivi. Nilizoea chapati nyembamba, na mkono wangu ulikuwa unakimbilia wembamba huo. Nilipouzuia ndipo pai zilipoacha kupasuka. Bandua plastiki ya juu, tia vijiko viwili vya nyama upande mmoja, kisha inua plastiki ya chini ikukunjie donge. Usilikunje kwa vidole. Bana ukingo kwa uma, toboa tundu moja juu kwa ncha ya kisu ili mvuke upate njia. Ukiona ufa, chovya kidole majini na uupake.

Paka yai lililopigwa. Oka kwenye oveni iliyokwisha kupata moto, nyuzi 200, dakika thelathini hadi thelathini na tano. Hazitapata wekundu wa pai za ngano. Ni rangi ya dhahabu iliyopauka, na ukingo ndio unaokolea. Gonga chini ya moja kwa ukucha: ikilia kikavu, imeiva. Nilipokuwa sina oveni nilizioka kwa sufuria pana juu ya mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa sinia, na ladha ya moshi ilikuwa nzuri hata leo naikumbuka. Kukaanga kunawezekana, kwa mafuta mapya na moto wa wastani, dakika nne kila upande, ila pai ya kukaanga ikipoa hulainika. Mimi naoka.

Zikitoka zisiguswe dakika kumi. Za moto sana huvunjika. Zikipumua kidogo zinajishika.

Mchicha

Nimechagua mchicha kwa sababu ya damu ya mtoto. Utumbo ulioumia haufyonzi vizuri madini ya chuma, na wetu alipewa na daktari dawa ya kuongeza damu kwa miezi. Mchicha una madini hayo, na ndimu husaidia mwili kuyachukua. Chai hufanya kinyume, huyazuia, kwa hiyo kwetu birika haliletwi pamoja na chakula. Tunainywa saa moja baadaye, na wazee wamezoea.

Mafungu matatu ya mchicha, kama nusu kilo, kutoka soko la Kongowea asubuhi ukipata. Osha maji matatu, mchanga wake ni msumbufu. Katakata. Kuna nazi moja, kamua tui zito kikombe kimoja bila kuongeza maji mengi. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, tia punje mbili za thomu na nyanya mbili zilizomenywa, acha zirojeke na mafuta yapande juu. Tia mchicha na chumvi, geuza, usifunike, dakika tano tu. Mimina tui, koroga bila kuacha mpaka litokote mara moja, epua. Ukilisahau litakatika. Nataka mboga hii iwe nzito, imeshika tui lake, isitembee sahanini kwenda kulowesha pai. Ndimu ikamuliwe mezani na kila mtu. Ukiikamua sufuriani tui hukatika pia.

Ramadhani iliyofuata nilioka pai thelathini, na hakukuwa na za ngano kabisa. Wanangu walitaka nioke sahani mbili, ya mtoto na ya watu wengine. Nilikataa. Sahani mbili ni mikono inayovuka kutoka moja kwenda nyingine, na makombo huanguka, na tena ni yule mtoto kukaa pembeni. Sinia likawa moja, mchicha katikati kwenye bakuli. Alipofungua kwa tende alinitazama kwanza. Nikamwambia, "Chukua yoyote, mume wangu." Akachagua kubwa kuliko zote.

Zinazobaki naziweka kwenye friji siku mbili, au nazigandisha kabla ya kuokwa, mbichi, zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi. Hizo zilizoganda zipeleke kwenye oveni moja kwa moja bila kuyeyusha, ongeza dakika kumi. Za shule nazipasha asubuhi kwenye kikaango kikavu, upande kwa upande, nazifunga kwa foili zingali na uvuguvugu, na kila mara natia mbili, kwa kuwa rafiki yake huomba.